Peleka kwa Dada

Jumatatu, 2 Machi

Nimetapika mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na bado sijagusa hata chumba kimoja.

Nianze vizuri, maana kazini nimezoea kuandika ripoti ya kila siku na mkono umeshakuwa mtumwa wa kalamu. Mimi ni msimamizi wa usafi hotelini, mwaka wa ishirini na moja sasa. Wafanyakazi wangu wananiita Kidole, wakidhani sisikii. Ni kwa sababu nikiingia chumba kilichokwisha kusafishwa, napitisha kidole juu ya mlango, mahali ambapo mgeni hafiki hata akiota. Kidole kikitoka na vumbi, chumba kinarudiwa. Basi mtu kama huyo, Mungu kampa dada wa tumbo moja anayeishi ndani ya jalala.

Dada ni mwalimu mstaafu, anakaa peke yake katika nyumba ya wazazi wetu. Wiki mbili zilizopita alijikwaa kwenye marundo yake mwenyewe, akaanguka ukumbini, nyonga ikavunjika. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka alasiri, ndipo jirani akamsikia. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri. Ataruhusiwa Ijumaa ya tarehe 27, akitembea na fremu ya chuma ya miguu minne. Binti wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alinikazia macho: "Fremu inataka njia, mama. Akikosa njia atavunja na nyonga ya pili."

Mdogo wetu wa kiume, ambaye sisi sote tunamwita Fundi kwa kuwa ana gereji, ametoa hukumu kwa simu. Siku hiyo ikifika na nyumba haijawa tayari, anamchukua Dada akakae kwake, kwenye chumba cha nyuma ya gereji, na nyumba ya wazazi itafutiwe wapangaji. Chumba hicho nakijua. Kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta.

Ndiyo maana nimechukua likizo yangu yote ya mwaka. Wenzangu wanakwenda likizo kupumzika. Mimi nimekuja kuvuta hewa ya panya.

Mlango wa mbele unafunguka robo tu. Nimeingia ubavu, kama kaa. Harufu ikanipokea kama mwenyeji: mkojo wa panya, magazeti yaliyolowa yakakauka yakalowa tena, mafuta ya kupikia yaliyochacha, na chini ya hayo yote kitu kitamu kitamu ambacho sikutaka kukijua. Marundo yamefika kifuani. Katikati pana kijia cha kupitisha mguu mmoja mmoja. Nilishika ukuta nisianguke, mkono ukarudi na utando wa buibui na kitu cha mnato.

Nilitapika uani. Nikarudi. Nikatapika tena.

Jumanne, 3 Machi

Ukumbi. Magunia kumi na manne. Mende hawana idadi.

Jumatano, 4 Machi

Jirani wa ukuta wa kushoto, yule aliyemsikia Dada, anafuga kuku. Mtaa mzima unamwita Mama Kuku, naye anaitikia. Alisimama juu ya ndoo akachungulia.

"Wewe ndiye mdogo wake Mwalimu? Yule wa hotelini?"

"Ndimi."

"Ahaa." Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya mpira. "Panya wa humo ndani wanakuja kula vifaranga vyangu. Nimesema mpaka mate yamekauka."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya familia. Nilisema dada yangu uzee umemshika vibaya. Mama Kuku akashuka kwenye ndoo. Mwanamke mwenye mavi ya kuku kwenye kisigino ananitazama mimi kama uchafu! Ndiko alikonifikisha Dada.

Alhamisi, 5 Machi

Jikoni. Naandika nikiwa nimenawa mara nne na bado nainusa mikono.

Jikoni kwa Dada kuna majokofu matatu. Hakuna hata moja linalofanya kazi. La kwanza limejaa mifuko ya nailoni iliyokunjwa pembetatu, mamia na mamia. La pili limejaa chupa tupu. La tatu lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, nikaikata kwa kisu. Panya jike alikuwa amezalia kwenye droo ya mboga. Watoto wake, wekundu, hawana manyoya, macho hayajafunguka, wamelaliana kama vidole vilivyokatwa. Mama yao akaruka begani kwangu, akapita shingoni. Sikupiga kelele. Sauti ilikataa kutoka.

Mzoa taka, mzee mmoja mwenye mkokoteni ambaye ameanza kunibebea magunia, alicheka akasema, "Kumbe na wewe unaweza kunyamaza, mama." Sikuona cha kuchekesha.

Nimesafisha vyumba walimolala walevi, wagonjwa, hata bwana mmoja aliyefia kitandani. Sijawahi kusikia kinyaa hiki. Kule ninasafisha uchafu wa wageni, na uchafu wa mgeni hauna uso. Huu una uso wa dada yangu, aliyenifundisha kusuka nywele na kunawa mikono kabla ya kula. Aliingiaje humu? Mtu huanza vipi kuacha?

Ijumaa, 6 Machi

Jikoni tena. Joto. Mawingu yamekaa tu kama wageni wasioaga.

Jumamosi, 7 Machi

Fundi amepiga simu.

"Dada mdogo, unaendeleaje huko?"

"Njoo uone."

"Ningekuja, sema gereji imebana. Lakini nikushauri kitu: usichambue. Choma vyote. Mzee wa watu hana akili tena, atajuaje nini kimetoka?"

Nikamwambia yuko sahihi. Kusema kweli, nilisema hivyo. Tukamteta Dada nusu saa nzima, na nilipokata simu nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekunwa mgongo.

Jumapili, 8 Machi

Hospitali. Dada amelala chini ya shuka jeupe, safi, nywele zake za mvi zimechanwa na nesi. Nililionea shuka lile wivu, nikasema yote. Nilimwambia habari za panya. Nilimwambia habari za mende waliokuwa ndani ya redio. Nikamuuliza kama haoni aibu, mwalimu mzima aliyekuwa akikagua kucha za watoto wa watu.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mwanafunzi anayedanganya. Kisha akauliza jambo moja tu: "Umeshafika chumba cha nyuma?"

"Bado. Kuna nini huko?"

"Ukifika utaona," akasema, akafumba macho.

Mungu wangu. Kumbe kuna kibaya kuliko haya.

Jumatatu, 9 Machi

Korido imekwisha. Magunia ishirini na mawili. Mzee wa mkokoteni anasema kule jalalani wameanza kumwuliza kama amepata kazi serikalini.

Jumatano, 11 Machi

Mgongo. Nimefanya kazi nusu siku tu. Nimekuta godoro la mtoto limeliwa na mchwa mpaka likawa unga. Nilipoliinua lilimwagika juu yangu kama mchanga, na mchwa ndani yake. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia.

Alhamisi, 12 Machi

Chumba cha nyuma.

Kilikuwa hakifunguki kabisa. Mzee wa mkokoteni aling'oa bawaba, tukautoa mlango mzima. Vitu vikaanguka ukumbini vyenyewe, kana kwamba vilikuwa vinasubiri.

Cha kwanza kuniangukia miguuni kilikuwa furushi la mapazia. Rangi ya maziwa, maua ya bluu pembeni. Nikayapiga teke kwenda kwenye rundo la kuchoma, halafu mguu ukasita. Maua yale niliyatarizi mimi. Yalikuwa mapazia ya sebule yangu, kabla sijahamia nyumba kubwa.

Nikaketi juu ya gunia, nikaanza kufungua kimoja kimoja. Sare za shule za wanangu wote wawili, tangu chekechea, zimekunjwa na kufungwa kwa utepe. Kitanda chao cha mbao, kimevunjika mguu. Mablanketi ya hotelini yaliyochakaa ambayo niliruhusiwa kuyachukua nikaona haya kuyatupa. Masufuria yangu yasiyo na mifuniko na mifuniko yangu isiyo na masufuria. Televisheni ya mgongo mrefu. Viatu vya marehemu baba mkwe. Feni tatu. Baiskeli ya mazoezi niliyoipanda wiki moja tu. Maboksi kumi na moja, na juu ya kila boksi mwandiko wangu, kwa kalamu nene, ule mwandiko mzuri ninaotumia kazini: PELEKA KWA DADA.

Nilirudi jikoni mbio. Jokofu la tatu, lile la panya. Ubavuni nikaifuta ile grisi kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha nyota ambacho mwanangu wa kwanza alikibandika akiwa darasa la pili, nikamchapa.

Nyumba yangu ni safi. Watu wakija wanasifu: "Kwako hakuna takataka, unafanyaje?" Nami hujibu kwa maringo kwamba siri ni kutoweka kitu usichokitumia. Kila mwaka, watoto wakifunga shule, napanga kabati zote, napakia gari, naja huku mara moja, nashusha, nakunywa chai nimesimama, naondoka. Narudi nyumbani mwepesi, najisikia nimetoa sadaka.

Nimetapika leo pia, na leo haikuwa harufu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimehesabu kwa macho tu. Chumba cha nyuma chote ni changu. Sina zaidi ya kuandika.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua imeanza alfajiri, kubwa, bila hodi. Kwenye banda la uani maji yaliingia na kusukuma nje matairi, zaidi ya arobaini, kila tairi limejaa maji ya zamani meusi yenye viluwiluwi vya mbu. Yanatoka gereji gani, sihitaji kuuliza. Kuna na injini nzima humo, imelala kwenye mafuta yake kama maiti.

Nikampigia Fundi.

"Matairi yako yapo huku."

"Yapi? Aa, hayo! Si niliyahifadhi kwa Dada tu kwa muda."

"Muda gani?"

"Dada mdogo, na wewe! Kuna nafasi huko, au hakuna?"

Nilisikia sauti yangu ndani ya sauti yake, na nilitamani kuitema.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Mama Kuku ameingia mwenyewe, mwavuli mkononi, akashika upande wa pili wa kabati bila kuombwa. Tulipolifikisha barazani nikamuuliza. Ilibidi niulize.

"Mama, vitu hivi vilikuja vipi?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi?" Akakamua upindo wa nguo yake. "Mwalimu alikuwa na nyumba ya kula chini sakafuni. Sisi tulikuwa tunavua viatu pale mlangoni, kwa usafi wake. Likaja gari lako. Likaja la yule wa gereji. Kila gari likiondoka, anasimama hapa barazani, anatazama vitu vile, anasema, 'Watakuja kuvichukua.' Mara ya mwisho ulipokuja, mimi niko hapo ukutani. Alikuambia, 'Mdogo wangu, nitaviweka wapi?' Unakumbuka ulimjibuje?"

Sikukumbuka. Nimejaribu mpaka kichwa kinauma.

"Ulisema, 'Wewe huna watoto, nafasi unayo.'"

Akaokota mwavuli wake akaenda zake. Nami, mtu wa kukuta vumbi pasipoonekana, nilibaki nimesimama barazani katika mvua.

Nilimdharau mama huyu kwa kisigino chake. Ndiye aliyemwinua dada yangu sakafuni.

Jumanne, 17 Machi

Chumba cha mama.

Nilikuwa nakikwepa. Mama alifariki miaka tisa iliyopita, baada ya kulala kitandani miaka sita, upande mmoja wa mwili umekufa. Dada ndiye aliyemuuguza. Aliomba kustaafu mapema ili amuuguze.

Humo hamkuwa na marundo. Hilo ndilo lililonishtua. Nyumba nzima imesongwa, lakini chumba cha mama kina kitanda, kiti na ndoo tu. Ila harufu! Ile harufu tamu tamu niliyoisikia siku ya kwanza ilitoka humu. Paa linavuja juu ya kitanda, na juu ya kitanda kuna godoro la pamba, la watu wawili, lile lile. Maji ya misimu tisa yamelishukia. Limekuwa jeusi katikati, ukungu wa kijani pembeni, na umeota uyoga, uyoga kabisa, mweupe, mwembamba, kando ya doa pale mama alipokuwa akilala. Nilibonyeza kwa ncha ya fagio. Likatoa maji ya rangi ya chai, na mkojo wa miaka hiyo yote ukafufuka.

Nilikimbilia mlangoni nikasimama pale, leso puani. Hapo mwili wangu ukakumbuka kabla ya akili. Nilishasimama hapa hapa. Hivi hivi, leso hii hii puani. Mama alipokuwa hai nilikuja kumtazama mara mbili kwa mwaka, na sikuwahi kuvuka kizingiti hiki. Nilikuwa nasema nimetoka safari, nisimletee mama mafua. Dada alikuwa ndani, amepiga magoti, anambadilisha nguo, mikono imezama, anamwambia, "Mama, mwanao yule mlangoni, mtazame." Na mama alikuwa anageuza jicho lile moja linalogeuka.

Alijua. Jicho lile lilijua kwamba si mafua.

Nimechukia vitu vingi mwezi huu. Leo sikuona kilichonitia kinyaa kuliko leso hii. Nimeitupa ndani ya moto.

Jumatano, 18 Machi

Sikufanya kazi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimejaribu kulivuta godoro peke yangu. Halivutiki. Limekunywa maji, uzito wake ni wa ng'ombe. Nikishika pembe hii, ile inabaki. Nikiikumbatia, inanichuruzikia kifuani. Nilivuta saa nzima nikafika nusu ya mlango, likakwama, nami nimekwama ndani. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikapiga kelele za kumwita Mama Kuku.

Amekuja na mzee wa mkokoteni. Watu watatu, na bado tulipumzika mara mbili. Uso wangu ulikuwa umegusana nalo. Sikutapika. Sijui kama ni ushujaa au tumbo limechoka.

Jumapili, 22 Machi

Hospitali. Wiki iliyopita sikwenda, nilijidanganya kwamba ni mvua. Leo nimekwenda mikono mitupu, sikujua mtu hupeleka nini.

Dada anakaa kitini sasa. Nikavuta stuli.

"Nimefika chumba cha nyuma," nikasema.

"Enhe."

"Vyote ni vyangu."

"Vyote. Si nilikuambia utaona."

"Mbona hukukataa, Dada?"

Akafikiri. Hakuwa na haraka. "Mara ya kwanza nilidhani mtarudi kuvichukua. Mara ya pili nilidhani, angalau wanakuja. Ningekataa vitu, mngekuja kufanya nini?" Akajikuna kidole. "Halafu vikawa vingi, nikaona haya kumkaribisha mtu. Nisipomkaribisha mtu, basi nasafisha kwa ajili ya nani? Mwishoni hata mimi nilianza kuokota. Chupa, mifuko. Hayo ni yangu, sikusingizii."

Nilitaka kumwomba msamaha, maneno yakajaa mdomoni yote kwa pamoja, hakuna lililopita. Nikasema kingine. Nikasema nimelitoa godoro la mama, nimelitupa bila kumuuliza, na kama alikuwa analitunza kwa ukumbusho, basi anisamehe kwa hilo kwanza.

Dada alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, anashika nyonga yake kwa maumivu, anacheka.

"Ukumbusho? Godoro lile? Mwanamke wewe! Nilikuwa nalichukia godoro lile kuliko shetani. Miaka tisa nataka litoke."

"Sasa mbona..."

"Godoro la watu wawili," akasema, na kicheko kikakatika, "halibebwi na mtu mmoja. Nilijaribu wiki ya mazishi, likakwama mlangoni. Nikalirudisha. Nyie mlikuwa mmeshaondoka asubuhi yake, mlikuwa mnawahi kazini."

Nilishika mkono wake. Sijaushika mkono huo kwa miaka mingi. Ngozi ya vidole ni ngumu, imepasuka kwa sabuni na maji.

"Nisamehe," nikasema. Lilitoka dogo, kama la mtoto.

"Nitakusamehe," akasema Dada. "Sijasema leo. Ila nitakusamehe. Paa limezibwa?"

"Bado."

"Basi lizibwe kwanza."

Jumanne, 24 Machi

Paa limezibwa. Matairi yamerudi gereji: mzee wa mkokoteni ameyapeleka safari tano, nikamwagiza ayashushe mbele kabisa, mlangoni kwa Fundi. Fundi amepiga simu mara sita. Sikupokea. Vyangu nimevipeleka jalalani mwenyewe, nikitembea nyuma ya mkokoteni, watu wakinitazama. Jalala lile ni mlima. Kuna mbwa, kuna moshi, kuna wanawake wanaochambua kwa mikono. Mmoja wao aliinua lile pazia la maua ya bluu, akalinusa, akalitupa.

Alhamisi, 26 Machi

Nimesugua sakafu mara tatu. Chini ya ule utando mweusi ni nyekundu. Nilikuwa nimesahau.

Ijumaa, 27 Machi

Amerudi.

Teksi ilisimama saa tano, mvua ikiwa ya rasharasha. Yule binti wa mazoezi amekuja naye, akapima korido kwa fremu, mbele na nyuma, akasema, "Inapita," akatia sahihi karatasi yake. Mama Kuku alivua viatu mlangoni.

Dada alitembea toka ukumbini mpaka jikoni, chuma kikigonga sakafu, ko, ko, ko. Nilimfuata nikiwa na roho mkononi kama mtumishi mpya. Alifika dirisha la jikoni akasimama.

"Kumbe dirisha hili linafunguka," akasema.

Kisha akaniambia nimekosea kupanga vikombe, na nikavipanga upya.

Jumapili, 29 Machi

Kesho narudi kazini. Leo, saa tisa mchana, tumekaa barazani tunasikiliza mvua, likaingia pikapu la Fundi. Nyuma limebeba makochi, seti nzima, yamefunikwa turubai.

Akashuka anatabasamu, akambusu Dada mkono. "Pole na ugonjwa, Dada mkubwa. Aisee, nyumba imekuwa pana! Basi nimekuja wakati mzuri. Nimekuletea makochi."

Nikasimama. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Dada akaninyooshea kiganja, vile vile anavyonyamazisha darasa, nikaketi.

"Yana nini hayo makochi?" akamuuliza.

"Hayana kitu! Yamechoka kidogo tu. Wifi yako kanunua mengine."

"Hongera zake. Sasa wakati mnayapakia, mlisema mnayapeleka wapi?"

Fundi akacheka, akatazama viatu vyake. "Si... kwa Dada."

"Umefika kwa Dada. Dada ndiye mimi, nimekaa hapa. Karibu chai. Makochi yabaki garini."

Alidhani ni mzaha. Akanigeukia mimi.

"Usinitazame," nikamwambia. "Nyumba si yangu."

"Lakini Dada, na mvua yote hii! Nitayapeleka wapi sasa?"

"Hilo swali," akasema Dada taratibu, "nimeliuliza mimi miaka kumi na tano, mdogo wangu. Hakuna aliyenijibu. Ukipata jibu uniambie."

Nilijitayarisha kumchukia Fundi, lakini nilichokiona usoni mwake nilikijua. Ndicho kilichokuwa usoni mwangu tarehe kumi na mbili. Aliketi kwenye ngazi. Akanywa chai yake yote, turubai likichuruzika maji. Alipomaliza akaosha kikombe mwenyewe, akamwambia Dada atakuja Jumapili ijayo, bila gari. Akaondoka na makochi yake.

Dada alilitazama gari mpaka likapotea, mikono yote miwili imeshika fremu.

"Nimemkosea?"

"Hapana."

"Mbona najisikia vibaya hivi?"

Nikamwinua, tukaenda polepole mpaka chumba cha nyuma. Hakina kitu, kuta nne tu na alama za ukungu ambazo sabuni imeshindwa kuzitoa. Akaingia akasimama katikati, akageuka na fremu yake hatua kwa hatua, akatazama kila pembe.

"Tuweke nini humu?" nikamuuliza.

"Pasiwekwe kitu," akasema. "Nataka kwanza nizoee."

Mvua ilikuwa inaingia dirishani. Alinizuia nisifunge.